Chura wa Kinyangesi na Mitumbwi Minane

"Mwinua kilichozama hushuka kwanza."

Maneno hayo vijana wa kwaya ya Kinyangesi waliyasikia kwenye kikao, siku walipokuwa wakijadili kumfukuza mwenzao aliyewaaibisha. Mama mmoja aliyatamka, akafunga mkoba wake, akatoka. Waliobaki wakatazamana. Kesho yake walimfuata Mzee Wilbroad, aliyewafundisha kuimba wao na wazazi wao, wakamuuliza: ni nani huyo aliyeshuka, na alishuka wapi?

Mzee akaweka kando daftari lake la nyimbo.

"Ninyi mnadhani kila methali ilitungwa na mababu waliovaa magome ya miti," akawaambia. "Hii ni changa kuliko koti langu. Ilizaliwa na gari. Tulieni niwape habari yake, na atakayenikatiza ataimba peke yake Jumapili."

Naye akawasimulia hivi.

Miaka hiyo zahanati yetu ilipewa gari ambalo Bonde la Kilombero lilikuwa halijaliona mfano wake. Lilikuwa na magurudumu manane ya mpira mnene, manne kila upande, na bodi lililozibwa chini kama beseni. Barabarani lilikwenda, matopeni lilikwenda, na likifika majini halikusimama kungoja pantoni. Lilijitosa. Magurudumu yakaendelea kuzunguka yakiyapiga maji, nalo likavuka mto polepole huku limekaa juu kama bata. Siku ya kwanza watu walipoliona likitoka mtoni ng'ambo ya pili na kupanda ukingo likichuruzika maji, wanawake walisimama na ndoo zao kichwani, na wanaume wazima walivua kofia. Likapewa jina la Chura siku hiyohiyo, na jina lake la kiwandani hakuna aliyelikumbuka tena.

Ninyi mliokua na daraja hamjui masika ya zamani. Mto ulipofurika, vijiji vitatu vya ng'ambo vilikatika miezi minne. Mtumbwi ungeweza kuvuka siku mto ukiwa mpole, lakini siku ukiwa mkali ulimeza mtumbwi, mpiga upondo na mgonjwa wake. Mama mjamzito wa ng'ambo alijifungua kwa bahati, na bahati haikuwatosha wote. Chura alipokuja, masika moja tu, wazazi kumi na wawili waliletwa zahanati wakiwa hai na wakarudi kwao na watoto mgongoni. Ndiyo maana nawaambia lile halikuwa gari tu.

Dereva wake aliitwa Otmar Lyaupe. Zamani aliendesha trekta kwenye mashamba ya miwa, na alichaguliwa kwa sababu ya mkono wake mtulivu. Kujivuna? Alijivuna kidogo, tusidanganyane. Ukikaa juu ya kiti kile, na watu wanakupungia mkono pande zote mbili za mto, hata wewe shingo ingerefuka. Lakini moyo wake ulikuwa mwema, na ulikuwa ng'ambo, kwa dada yake Solana. Solana alikuwa amezika watoto wawili, wote waliozaliwa katikati ya mafuriko kabla Chura hajaja. Mwaka ule alikuwa na mimba ya tatu, na siku zake zilikuwa zinaangukia masika yanapoanza. Otmar alikuwa amemwahidi kwa maneno machache: "Safari hii nitakufuata mwenyewe."

Sasa sikilizeni jinsi jambo kubwa linavyoharibika kwa kitu kidogo.

Jumamosi moja, mwishoni mwa Novemba, Otmar aliosha gari. Lilikuwa limebeba samaki wakavu wa wasamaria wema waliomsaidia muuguzi, na harufu yake ilikuwa haisemeki. Akamwaga sabuni ndani, akasugua, akamwaga maji. Nyuma kabisa, chini ya tumbo, Chura alikuwa na tundu dogo la kutolea maji, nalo huzibwa kwa kizibo cha mpira mweusi, ukubwa wa nyanya. Otmar akakichomoa, maji machafu yakatoka, naye akakitia kizibo mfukoni mwa shati lake la kazi. Mkewe akamwita kula. Alikwenda akala, akalala kidogo, na Jumapili akaenda kanisani na shati jingine.

Jumatatu asubuhi akavaa lile la kazi, akampakia Muuguzi Kandida na masanduku ya chanjo, wakaingia mtoni.

Walifika mpaka Lindi la Kambale, kile kilindi ambapo mto hutulia na kuwa mweusi. Otmar alihisi usukani umekuwa mzito. Akatazama chini, akaona maji yamemfika vifundoni. Mara hiyohiyo gurudumu likagonga gogo, gari likatikisika, nyuma ikashuka, na kabla Muuguzi Kandida hajamaliza kusema "Otmar, nini hiki?" wote wawili walikuwa wameshikilia matete, na Chura amekwenda chini na masanduku yote. Mapovu yalipanda muda mrefu, kisha yakakoma.

Mvuvi mmoja, Libori, aliwaokoa kwa mtumbwi wake. Ukingoni watu walikuwa wamejaa, na kila mmoja anauliza. Otmar akavua shati alikamue, na mkono wake ukagusa kitu mfukoni.

Alijua papo hapo. Alisema baadaye kwamba kile kitu kilikuwa kizito kuliko gari lenyewe.

"Imekuwaje, baba?" watu wakamuuliza. "Imekuwaje?"

"Kiboko," Otmar akajibu. "Ametugonga kwa chini."

Hakupanga kusema hivyo, ulimi ulitangulia. Na Muuguzi Kandida, aliyekuwa ameona gari linatikisika, akaitikia kwa kichwa. Kiboko maskini siku ile alikuwa maili mbili juu ya mto akila nyasi zake, hana habari kuwa amezamisha gari la zahanati. Jioni hiyo barua ikaandikwa kwa mganga mkuu, imetajwa kiboko. Wazee wakaanza kuzungumzia bunduki. Uongo ni mzigo wa ajabu, wanangu: unaubeba peke yako, lakini wengine nao huumia mgongo.

Fundi alitumwa kutoka mjini, jina lake Nyagawa, mtu wa Njombe, mpole na hodari. Alikuja na trekta lenye winchi na waya wa chuma mnene kama kidole gumba. Kwa ndoano ndefu akafanikiwa kulinasa gari sehemu ya mbele, akawaambia watu wasogee, akavuta. Waya ukakaza mpaka ukaimba. Trekta likainua pua. Kule majini hakuna kilichosogea, kwa maana gari lilikuwa limejaa maji hadi kooni, na kadiri lilivyovutwa ndivyo pua yake ilivyochimba tope. Kisha chuma cha mbele kikang'oka. Waya uliruka juu ya vichwa vya watu na kukata matawi ya msufi. Watu walilala kifudifudi, na walipoinuka hakuna aliyetaka kusogelea tena.

"Ningekuwa na kreni ningejaribu," Nyagawa akasema huku anajifuta jasho. "Lakini kreni haiwezi kupita kwenye majaruba yenu ya mpunga. Kesho nafunga vifaa vyangu. Samahanini sana."

Juu ya milima ya Mahenge mawingu yalikuwa yamelala siku tatu. Ukingoni palikuwa na kijiti alichokichomeka Bibi Benigna, mtunza mitumbwi ya kivuko, siku ile gari lilipozama. Maji yalikuwa yamekipanda shubiri nzima. Kila mtu aliyekulia hapa alijua maana yake. Mto ukipata nguvu utaingia lindini, na Chura atafunikwa kwa mchanga, habari yake iishe.

Kesho yake alfajiri, fundi akijiandaa kufunga vifaa vyake, mpiga upondo alivuka kutoka ng'ambo na salamu. Hakujua kama zinamchoma mtu, alizitoa mbele ya wote.

"Otmar, dada yako anakusalimu. Anasema mtoto ameshageuka, siku si nyingi. Anasema hana wasiwasi, kaka yake ana Chura."

Huko kwao walikuwa bado hawajamwambia.

Otmar alisimama, mkono mfukoni. Alikuwa nao mfukoni tangu Jumatatu. Watu walidhani ni huzuni.

Hapo ndipo Bibi Benigna alipoomba nafasi ya kusema. Alikuwa mjane wa mchonga mitumbwi, mwanamke mfupi wa miaka sabini na kitu, magoti yamekwisha, macho makali. Kazi yake ya miaka yote ilikuwa mitumbwi ya kivuko. Ninyi mnajua, au mnapaswa kujua, kwamba mtumbwi wetu sisi Wandamba hauanikwi juani kiangazi, maana utapasuka. Huzamishwa. Hujazwa maji ukalala chini ya mto miezi yote ya jua, mti wake ukabaki mbichi. Masika yakikaribia huinuliwa. Bibi Benigna ndiye aliyekuwa akiilaza na kuiamsha mitumbwi ya Kinyangesi, na aliijua kila mmoja kwa jina.

"Shikamoo, Bibi," Nyagawa akasema, akampisha.

"Marahaba, fundi. Umejitahidi. Lakini unakivuta chombo kilichoshiba maji. Hata mtumbwi wa mtoto ukijaa maji huuvuti, unautoa maji kwanza." Akamgeukia Otmar. "Mjukuu wangu, niambie. Maji yaliingilia wapi?"

Otmar akaligeukia trekta la fundi.

"Kiboko aligonga wapi? Mbele? Nyuma?"

"Chini, Bibi."

"Chini ni kukubwa. Tundu kiasi gani? Ngumi? Kichwa?"

"Sikumbuki, Bibi."

"Basi lazima mtu azame akalipapase, aliwekee kiraka," Bibi Benigna akasema. "Mimi naweza kulifikisha gari juu ya maji. Nina njia yake. Lakini likifika juu na tundu liko wazi, tutakuwa tunachota maji kwa pakacha. Nani anazama?"

Vijana wakautazama mto. Libori, ambaye hakuna samaki aliyewahi kumtisha, alijikuna shingo.

"Bibi, mimi kambale nitamfuata hadi shimoni kwake. Lakini kiboko ana mke wake, na mimi nina wangu. Tusioneane wivu."

Baadhi wakacheka, lakini hakuna aliyevua shati. Na mtu asiwalaumu. Kiboko mkali hukata mtumbwi vipande viwili, sembuse mbavu za mtu.

Bibi Benigna akangoja. Alipoona hakuna anayejitokeza, akavua kandambili akaziweka pamoja vizuri, akaanza kufunga kanga yake kiunoni.

"Haya," akasema. "Nimekula chumvi ya kutosha. Nishikeni mkono nisiteleze."

Alikuwa hafanyi mchezo. Mguu mmoja ulikuwa tayari majini wakati Otmar aliposhuka ukingo mbio na kumshika bega.

"Bibi, usiingie."

"Niache. Wewe una huzuni yako."

"Bibi, hakuna kiboko."

Alisema kwa sauti ndogo. Bibi akamtazama, akamwambia, "Sema wasikie."

Otmar akageuka. Ukingo wote ulikuwa juu yake: fundi, muuguzi, wavuvi, mama zake wadogo, watu waliomsimamia harusi. Alikuwa amezoea kuwatazama watu hawa kutoka juu ya kiti cha Chura. Sasa yeye yuko chini, wao wako juu.

"Hakuna kiboko," akasema. "Sikumwona kiboko. Niliosha gari, nikatoa kizibo, nikasahau kukirudisha. Ni mimi niliyelizamisha." Akatoa mkono mfukoni, akaufungua. "Kiko hapa."

Kile kipande cha mpira kilikaa kiganjani pake.

Wa kwanza kusema alikuwa Muuguzi Kandida. "Nilitia sahihi, Otmar. Nimemwandikia mganga mkuu kwa mkono wangu kwamba ni kiboko. Chanjo za watoto wote wa ng'ambo ziko chini ya maji, nawe siku sita unanitazama usoni?"

Mama mmoja akatema mate pembeni. Mwingine akasema bora angekufa maji tungemlilia kwa heshima. Naam, maneno hayo yalisemwa, na aliyeyasema bado yuko hai, anaimba sauti ya kwanza.

Lakini Fundi Nyagawa alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Ngoja," akasema. "Ngojeni jamani. Kwa hiyo gari halina tundu?"

"Lile la kutolea maji tu," Otmar akajibu.

"Halikupasuka popote?"

"Hata kidogo."

"Basi ni zima! Kikirudi hicho kizibo, likatolewa maji, litaelea lenyewe!" Akamshika Bibi Benigna mkono kama mtoto. "Bibi, ile njia yako ni ipi?"

"Nileteeni mitumbwi minane," Bibi Benigna akasema. "Ile mirefu. Na nguzo, na kamba zote za katani mlizo nazo."

Ikaletwa ikapangwa juu ya lindi, minne upande huu wa gari na minne upande ule, nguzo zikalazwa juu yake zikiiunganisha yote. Kisha Bibi Benigna akasema neno lililowashtua wenye mitumbwi.

"Ijazeni maji. Yote. Ishuke mpaka midomo ilingane na mto."

"Bibi!" Libori akalia, maana mmoja ulikuwa wake na ndio uliomlisha. "Tumekuja kuinua chombo kimoja, wewe unataka tuzamishe vingine vinane?"

Bibi Benigna hakupandisha sauti. Alikuwa ameshughulika kukagua fundo la kamba.

"Mwinua kilichozama hushuka kwanza," akasema. "Jaza maji, baba."

Ndivyo yalivyotamkwa mara ya kwanza, kama mtu anavyosema "nipe kisu". Hakukusudia kutunga methali. Alikuwa anaelekeza kazi.

Otmar ndiye aliyezama. Hakuna aliyemwambia. Alivua nguo akabaki na kaptura, akaweka kizibo mdomoni, akaenda chini. Maji yalikuwa meusi na baridi, hata mkono wake hakuuona. Alipapasa gurudumu, la pili, la tatu, akaishiwa pumzi akarudi. Mara ya pili alifika nyuma lakini tumbo lilikuwa limelala topeni, ikabidi achimbe kwa vidole kama panya. Mara ya tatu alikaa chini muda mrefu hata mkewe ukingoni akaketi ghafla bila kujua ameketi. Alipoibuka, mdomo ulikuwa mtupu.

"Kimeingia," akasema, akakohoa maji.

Hakupumzika. Alizama tena na kamba, akizipitisha chini ya tumbo la gari, kati ya magurudumu, moja baada ya nyingine, na waliokuwa juu wakazivuta na kuzifunga kwenye nguzo mpaka zikakaza. Mara ya tano au ya sita, Libori alivua shati akamfuata. Hakumsemesha. Alishika ncha nyingine ya kamba, basi.

Kisha Bibi Benigna akapiga kofi, na kazi ya kutoa maji ikaanza.

Wanangu, nimeona mengi. Nimeona mto ukibeba nyumba yenye taa inayowaka. Lakini sijaona tena kitu kama kile. Watu arobaini walikuwa majini hadi kifuani, wameshikilia nguzo kwa mkono mmoja, kando ya mitumbwi isiyoonekana. Kwanza waliisuka, kulia, kushoto, maji yakawa yanaruka nje kwa wimbi, kama mnavyosuka maziwa kibuyuni. Midomo ya mitumbwi ikachomoza. Hapo kila mwenye kata, sufuria, kopo au sahani akaanza kuchota na kumwaga. Bibi Benigna alikuwa anapiga makofi, nao wakachota kwa makofi yake. Hakuna aliyeimba. Mitumbwi ikapanda kidole. Ikapanda vidole viwili. Kamba zikaanza kulia, nguzo zikapinda, na ule mtumbwi wa Libori ukatoa sauti ya kuvunjika, lakini haukuvunjika.

Ikasimama hapo. Walichota, haikupanda. Mto ulikuwa umeshika cha kwake.

"Msiache," Bibi Benigna akasema. "Tope halina haraka, nasi hatuna."

Wakachota. Na mara, kutoka chini, likaja povu moja kubwa la upana wa ungo, likapasuka likitoa harufu ya majani ya miaka mingi. Kisha jingine. Kisha lindi zima likachemka, na mitumbwi yote minane ikapanda kwa pamoja, taratibu, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi baada ya usingizi mrefu. Tope lilikuwa limeachia. Chini ya miguu yao, bila kuliona, watu walihisi lile jambo kubwa linaning'inia majini, jepesi, linafuata. Nyagawa, mtu wa winchi na mitambo, alikuwa anatokwa na machozi waziwazi.

Waliisogeza mitumbwi kuelekea ukingo mpaka gari likagusa chini tena. Wakaizamisha upya, wakafupisha kamba, wakaiinua. Mara nne walifanya hivyo, tangu saa nne asubuhi hadi alasiri. Mara ya nne ukaibuka usukani, umevikwa majani. Kisha kiti. Kisha mdomo mzima wa bodi ukasimama juu ya maji, na ndani yake, pale pa kukanyagia mafuta, alikuwa amejikunja kambale mnene amehamia. Watu walicheka mpaka wengine wakashindwa kushika makata.

Kisha wakatoa maji ya ndani ya gari lenyewe, na hayakurudi. Kizibo kilishika. Gari likapanda, likapanda, na ilipofika wakati fulani zile kamba zilizokuwa zimekaza siku nzima zikalegea zote. Chura alikuwa anaelea mwenyewe. Tulisimama majini tukamtazama, kama siku ile ya kwanza.

Yaliyobaki mnayajua au mnaweza kuyakisia. Nyagawa alifungua injini yote, akaikausha kwa jua na moto wa mkaa siku tatu, ya nne ikanguruma. Mto ukaja juu siku ya tano. Siku ya nane Otmar alivuka mafuriko, akamleta Solana, naye akajifungua zahanati mtoto wa kike aliyelia mpaka ng'ambo wakasema wamemsikia. Kiboko alisamehewa rasmi, kwa barua ya pili.

Lakini nimeruka jambo moja, kwa makusudi. Maneno ya Bibi Benigna yangebaki kuwa maneno ya kazi, ya watu wa mitumbwi. Kilichoyafanya yawe methali kilitokea jioni ileile, Chura alipokuwa amefungwa ukingoni.

Watu walikuwa wamepanda juu, wanawake wamewasha moto, yule kambale anachomwa, na vigelegele havina idadi. Otmar hakupanda. Alikaa chini, pale maji yanapokutana na tope, peke yake, tope hadi mapajani, amewapa watu mgongo. Kazi ilipokuwa inaendelea alikuwa na la kufanya. Sasa ilikuwa imekwisha, na alibaki na yale yaliyosemwa. Mkewe alimwita, hakugeuka. Fundi alimwita njoo ule, hakugeuka. Muuguzi Kandida hakumwita. Alisimama mikono kifuani, akitazama kando.

Bibi Benigna aliwaangalia wote. Kisha akachukua fimbo yake, akaanza kuteremka ule ukingo. Alikuwa amebadilisha nguo, amevaa kitenge chake cha kanisani. Watu wakamwambia, Bibi, utachafuka, mwite tu kutoka hapo. Hakuwajibu. Akashuka hatua kwa hatua akishika matete, akafika, akatupa fimbo kando, akaketi topeni pembeni ya Otmar, na kitenge chake.

Wakakaa. Mto ukawa unapita mbele yao.

"Tope la mwaka huu lina baridi," Bibi Benigna akasema hatimaye.

"Bibi, sina uso wa kupanda kule."

"Najua."

Wakakaa tena. Maji yakawa yanawafika miguuni.

"Otmar."

"Naam, Bibi."

"Magoti yangu yamekufa. Nimeketi, siwezi kusimama. Niinue."

"Mimi nimechafuka, Bibi, nitakupaka tope."

"Kwani mimi nimekaa kwenye mkeka?"

Otmar akamtazama, akautazama na kitenge chake. Hakukuwa na namna ya kumwinua yule bibi huku mwenyewe ameketi. Akaweka mikono topeni, akasimama, akamshika mikono yote miwili, akamvuta polepole mpaka miguu yake ikashika. Kisha wakapanda ukingo, amemkumbatia kiunoni, hatua moja, hatua nyingine. Juu moto ulikuwa unalia peke yake. Muuguzi Kandida alishuka nusu ya ukingo akiwa na viatu vyake vyeupe, akamshika Bibi Benigna mkono wa pili, na wote watatu wakafika juu pamoja, wamepakana tope lilelile.

Hakuna aliyemwuliza Otmar neno. Akapewa sahani. Na mama yule aliyetema mate, ndiye aliyempakulia, akasema kwa sauti ambayo sote tuliisikia:

"Mwinua kilichozama hushuka kwanza."